Konokono wa Newcomb au nondo wa Blackburn: umfuatilie yupi?

Masika yakishika, ukuta wa nyuma wa darasa letu hupandwa na konokono wakubwa, wale wa kahawia wenye michirizi, ambao mmoja tu anajaza kiganja. Wanamaliza mchicha na miche ya mipapai kwenye bustani ya shule, basi wanafunzi huvaa glavu, huchukua ndoo na kwenda kuwaokota. Siku moja tukiwa kwenye kazi hiyo niliwaeleza kwamba ndugu za konokono hawa walifikishwa Hawaii mwaka 1936, na kwamba kufika kwao kumemponza konokono mwingine, mweusi, mdogo kama mbegu ya papai, anayeishi kwenye chemchemi na maporomoko ya kisiwa kimoja tu duniani. Binti mmoja akaweka ndoo chini.

"Kwa hiyo, Mwalimu, kesi hii imeanzia kwetu?"

Kwa sehemu, ndiyo. Kuanzia hapo nusu ya klabu yetu ya mazingira ikataka konokono yule mdogo awe kiumbe wetu wa mwaka: tumsome, tumchoree mabango, tuwasimulie wengine habari zake. Nusu ya pili ikaleta mgombea wake, naye anatoka Hawaii pia: nondo mkubwa ambaye watu waliamini ametoweka, kisha akaonekana tena. Tulibishana wiki tatu. Ulinganisho huu umetokana na mabishano hayo, na ninauandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wanafunzi wa vyuo wanaosaka mada ya utafiti, na ndugu zetu walioko Marekani wenye siku chache za kujitolea au fedha kidogo ya kuchangia na hawajui waielekeze wapi.

Wagombea wenyewe ni konokono wa Newcomb, *Erinna newcombi*, na nondo wa Blackburn, *Manduca blackburni*. Wote wawili waliingizwa katika orodha ya sheria ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini mwanzoni mwa mwaka 2000, siku chache tu kupishana. Nondo aliwekwa daraja la juu, la walio hatarini kutoweka, na konokono daraja linalofuata, la wanaotishiwa.

## Vigezo tulivyokubaliana

Kigezo cha kwanza tulichofikiria kilikuwa "nani yuko taabani zaidi?" Tulikiondoa. Viumbe hawa hawashindanii kitanda kimoja cha hospitali, na shida zao ni za aina mbili tofauti. Tukabaki na maswali matano. Anaonekana na kueleweka kwa urahisi kiasi gani? Anataka makazi ya namna gani? Nani anamuua? Mkono wa mtu wa kawaida unaweza kumsaidia, au bora ukae mbali? Na ana uhusiano gani na sisi huku Afrika Mashariki?

## Sura na maisha

Kata papai, toa mbegu moja, ioshe ule ute wake, uiweke juu ya jiwe lililolowa. Hapo umekaribia kumwona konokono wa Newcomb. Gamba lake ni jeusi, laini, lina urefu wa milimita 6 hivi na upana wa milimita 3, na karibu lote ni mzunguko mmoja tu. Halina ncha iliyosokotwa kama ya konokono tuliowazoea. Hula mwani unaoota kwenye mawe yenye maji, hubandika mayai yake kwenye mawe hayohayo, na maisha yake yote huanza na kuisha ndani ya kijito kimoja.

Jambo hilo la mwisho lishike vizuri. Mito ya Hawaii ina konokono mwingine, hihiwai, ambaye wenyeji humla. Watoto wa hihiwai hubebwa na maji mpaka baharini, hukua huko kwa muda, kisha hurudi na kupanda mto, pengine si ule walikozaliwa. Kwa hiyo mto ukiharibika, bahari inaweza kuujaza tena. Konokono wa Newcomb hana safari hiyo. Kijito chake kikifa, hakuna wa kutoka baharini kuja kushika nafasi.

Nondo wa Blackburn ni kinyume kabisa. Ndiye mdudu mkubwa kuliko wadudu wote wa asili wa Hawaii. Mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 12, unakaribia upana wa kisahani cha kikombe cha chai. Ana rangi ya kijivu inayoingia kwenye kahawia, mistari myeusi kwenye mabawa ya nyuma, na kila ubavu wa tumbo una madoa matano ya rangi ya machungwa. Kiwavi wake hufikia sentimita 9, wa kijani au wa kijivu, amenyunyiziwa vidoa vyeupe, na mkiani ana pembe. Kutoka yai hadi nondo kamili ni siku 56 hivi, lakini pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kugeuka nondo, hukaa ardhini, na ukame ukikaza inaweza kulala humo hata mwaka mzima.

Kwa darasa la watoto wadogo nondo ana nafasi nzuri zaidi hapa, sioni sababu ya kulizunguka. Mtoto akimchora kiwavi mwenye pembe, hamsahau. Konokono anahitaji mwalimu mwenye subira na papai bivu lisilokosa mbegu nyeusi.

## Makazi

Konokono huyu yuko Kauai peke yake, kwenye vijito vya kaskazini na mashariki ya kisiwa. Na si kila mahali kijitoni. Anataka maji yatokayo mwambani mwaka mzima bila kukatika, kwenye chemchemi, michirizi ya miamba na kuta za maporomoko, sehemu ambazo mafuriko hayawezi kumkwangua. Alipoorodheshwa mwaka 2000 alijulikana katika makundi sita tu, jumla ya konokono kati ya 6,000 na 7,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa katika sehemu mbili: bonde la Kalalau na mto Lumahai.

Ukishazijua hesabu hizo, habari za hali ya hewa ya Kauai unazisoma kwa moyo mwingine. Septemba 1992 kimbunga Iniki kilikipiga kisiwa hicho moja kwa moja. Aprili 2018, huko Waipa, pwani ileile ya kaskazini, ilinyesha mvua ya milimita 1,262 kwa saa 24, rekodi ya Marekani yote. Dar es Salaam kwa kawaida haipati mvua ya kiasi hicho kwa mwaka mzima. Huko Kauai ilishuka ndani ya siku moja, juu ya mabonde ambamo viumbe wa ukubwa wa mbegu ya papai wameshikilia mawe.

Nondo yeye ni wa ukame. Makazi yake ni msitu mkavu na vichaka vya pwani, upande wa visiwa usiopata mvua nyingi. Zamani alikuwepo Kauai, Oahu, Molokai, Maui, Kahoolawe na kisiwa kikubwa cha Hawaii. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilidhaniwa ametoweka. Mwaka 1984 akapatikana Kanaio, kusini mwa Maui, kwenye ardhi ya mawe ya volkano ambayo mpita njia angesema haina uhai. Baadaye akaonekana kisiwa cha Hawaii, na pia Kahoolawe, kisiwa ambacho jeshi la maji la Marekani lilikitumia kwa shabaha ya mabomu mpaka mwaka 1990. Wanafunzi wangu waliipenda habari ya Kahoolawe kuliko zote, nami naielewa sababu.

Lakini nondo haishi kwa ardhi tu. Anaishi kwa mti. Kiwavi wake ni mlaji wa mimea ya ukoo wa mnyanya na mtumbaku, na chakula chake cha asili ni miti iitwayo aiea, ambayo baadhi ya aina zake nazo ziko hatarini kutoweka. Nondo mkubwa hunyonya nekta ya maua mengine, yakiwemo ya maiapilo yanayofunguka usiku. Ng'ombe na mbuzi walipoumaliza msitu mkavu, walimaliza chakula cha mtoto na cha mkubwa kwa pamoja.

## Nani anawaua

Mabishano ya klabu yetu yalichemka zaidi kwenye swali hili, na mimi mwenyewe bado linanichoma.

Konokono wetu mkubwa, *Lissachatina fulica*, ni mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki. Watu walimsafirisha visiwa vya Bahari ya Hindi, mwaka 1847 akawa Calcutta, na mwaka 1936 akafika Hawaii. Akazaana, akawa balaa la bustani na mashamba. Mwaka 1955 maofisa wa kilimo wakaleta dawa: konokono mla-konokono kutoka Florida, *Euglandina rosea*, anayefuata ute wa mwenzake kama mbwa anayenusa njia mpaka amfikie amle. Hakuna ushahidi thabiti kwamba alimpunguza konokono wetu. Alichofanya ni kuwageukia konokono wa asili wa Hawaii, wadogo, wasio na ulinzi, wanaozaa polepole. Na maji hayamzuii: ameonekana akizama kabisa na kula konokono walio chini ya maji. Konokono wa Newcomb akapata adui ambaye babu zake hawakuwahi kumjua.

Bado kuna wa pili. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa nzi ambao mabuu yao hula konokono wa majini. Shabaha ilikuwa konokono wanaobeba minyoo bapa ya ini la ng'ombe, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vizuri kila wanapochinja na kukuta ini limetoboka. Konokono hao ni wa ukoo wa *Lymnaeidae*, na konokono wa Newcomb ni wa ukoo huohuo. Buu la nzi halichagui. Juu ya hao ongeza mashimo na mifereji ya kuchukua maji ya chemchemi kwa matumizi ya watu, shida ambayo haihitaji nzi wala konokono.

Kwa nondo, orodha ni ndefu lakini inajulikana zaidi. Nyigu wadogo sana hutaga ndani ya mayai yake, na sisimizi wa kigeni huvamia mayai na viwavi wachanga. Baadhi ya nyigu wa namna hiyo waliletwa Hawaii kwa makusudi kudhibiti wadudu wa mazao, kwa fikra ileile iliyomleta konokono wa Florida. Kisha wapo mbuzi, ng'ombe na paa, na upo moto. Msitu mkavu ukishaondolewa, nyasi za kigeni huingia, hukauka kiangazi, na cheche moja inatosha. Agosti 2023 dunia nzima iliona mji wa Lahaina, huko Maui, ukiteketea, na nyasi za aina hiyo kwenye mashamba yaliyotelekezwa zilikuwa sehemu ya kuni zake.

Kwa mwanafunzi wa chuo anayeandika kuhusu udhibiti wa kibiolojia, yaani kutumia kiumbe kumpiga kiumbe, konokono ndiye somo lenye kina zaidi: maadui wake wawili wakubwa waliletwa kuua konokono wengine. Anayeandika juu ya malisho, moto na nyasi vamizi achukue nondo.

## Mkono wa mtu wa kawaida

Hapa ndipo viumbe hawa wanapotengana kweli, na naona ndilo swali la kukuamulia.

Nondo anataka upande. Huko Auwahi, kwenye mteremko mkavu wa mlima Haleakala, watu wa kujitolea wamekuwa wakizungushia uzio vipande vya msitu, kuua nyasi na kupanda miche ya asili kwa mikono yao. Mtu asiye na shahada yoyote anapanda leo, na akirudi baada ya miaka anauona mti. Ila kuna fundo moja. Viwavi wengi siku hizi wanakula mtumbaku-pori, *Nicotiana glauca*, gugu lililotoka Amerika Kusini. Ukilifyeka bila kukagua majani, unaua nondo uliyekuja kumwokoa. Na kwa kuwa pupa hulala ardhini karibu na mmea, hata kulima hapo ni hatari. Ukiliacha likatawala, aiea hairudi. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa utaratibu: kagua kwanza, panda aiea, subiri ikue, ndipo ulipunguze gugu.

Konokono anataka umwache. Hakuna cha kumpandia wala uzio wa kumzuia konokono wa Florida kwenye ukuta wa maporomoko. Miguu ya wageni inateleza hasa kwenye mawe anakoishi. Anachohitaji ni maji kubaki yalipo, mawe kutoguswa, na wataalamu wachache wa kwenda kumhesabu. Msaada wako kwake ni wa mbali: kuchangia utafiti, kuunga mkono maamuzi ya kutochepusha chemchemi, na kueleza watu kwamba yupo. Wapo wanaoona huo si msaada. Mimi nimeishi karibu na chemchemi iliyokufa kwa sababu kila mtu alitaka kuifanyia kitu, nami sikubaliani nao.

## Uhusiano na sisi

Wa konokono nimeshautaja. Ila mwalimu ajiandae: kwetu konokono wa majini ana sifa mbaya, na ana haki ya kuwa nayo, maana baadhi yao hubeba kichocho. Nilipotaja konokono wa kijitoni, swali la kwanza lilikuwa, "Si ndiye anayeleta kukojoa damu?" Jibu ni kwamba wanaobeba kichocho ni wa koo nyingine. Tumia swali hilo, litakufungulia somo zima kuhusu kutofautisha kiumbe na kiumbe kabla ya kumwaga sumu. Lakini usiwaingize wanafunzi kijitoni kuokota konokono. Kichocho huingia kwa ngozi.

Wa nondo ulitushangaza. Nyasi ambazo watu wa Auwahi wanapambana nazo zaidi ni nyasi za Kikuyu, zilezile za nyanda za juu za Kenya, zilizopelekwa Hawaii kuwa malisho. Huko hutandika zulia nene ambalo mbegu ya mti haiwezi kulipenya. Basi aliyesema konokono ndiye "kesi ya kwetu" akajibiwa kwamba nondo naye ana kesi ya kwetu. Na nondo ana faida ya ziada: ndugu wa familia yake wako hapa. Geuza majani ya viazi vitamu utamkuta kiwavi mnene mwenye pembe mkiani. Mweke kwenye ndoo yenye udongo wa kina cha kiganja, mpe majani mabichi kila siku, funika kwa chandarua. Siku moja atashuka, atajichimbia, na utafukua kwa kidole upate pupa ya kahawia ambayo mrija wake wa kunyonya umejikunja nje kama mkono wa birika.

## Uchague kwa hali yako

Kama una darasa la msingi na kipindi kimoja kwa wiki, chukua nondo. Kiwavi wa viazi vitamu atakufanyia nusu ya kazi.

Kama unafundisha sekondari na unataka wanafunzi wafikiri juu ya maamuzi ya watu wazima, chukua konokono, na anza na ndoo ya konokono wakubwa wa bustani yako.

Uko Marekani na una wiki ya likizo Maui? Tafuta kundi la kurudisha msitu mkavu, ukapande. Ukiwa Kauai, furahia maporomoko kutoka kwenye njia, usipande mawe yake yenye maji, na fedha ambayo ungelipia mtu wa kukupeleka juu yake ipeleke kwenye utafiti wa mito.

Una fedha kidogo na unataka kuona matokeo? Nondo, kwa sababu miche inahesabika. Unaweza kuchangia miaka mingi bila kuonyeshwa picha? Konokono anahitaji sana watu wa namna hiyo, nao ni wachache.

Kijijini kwenu kuna chemchemi ambayo bado inatoa maji kiangazi, au kipande cha msitu mkavu ambacho bado hakijachomwa? Hapo mahali penyewe ndipo pachague. Mwenye chemchemi amsome konokono wa Newcomb, mwenye msitu amsome nondo wa Blackburn, kisha atoke akaangalie nani anaishi hapo kwake ambaye hajapewa jina.

Klabu yetu haikuafikiana. Waliotaka konokono wamechora ramani ya chemchemi zote za kata yetu, na waliotaka nondo wana ndoo nne za udongo nyuma ya maabara. Jana asubuhi moja ilikuwa na pupa.